Mikoa Yenye Chakula, Watoto Wenye Udumavu: Hesabu Iliyojificha Katika Fedha ya Mboga

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika kaya nyingi za mijini nchini, siku huanza kwa fedha ya matumizi kuachwa mezani kabla baba hajatoka kwenda kazini, au kwa mama kuhesabu alichobakiza kutokana na biashara ya jana. Fedha hiyo ina mgawanyo ambao haujaandikwa popote, lakini unafahamika kwa kila mwenye kupika. Kwanza hununuliwa unga au mchele, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuwalaza watoto bila kushiba. Pili ni mkaa. Tatu ni mafuta ya kupikia, kitunguu, nyanya na chumvi. Kinachobaki ndicho huitwa fedha ya mboga, na mara nyingi ni kidogo kuliko mafungu yaliyotangulia.

Lugha yenyewe imeshatoa hukumu yake. Ugali, wali au ndizi ndicho "chakula". Maharage, dagaa, mchicha, nyama na mayai vyote huitwa "mboga", yaani vya kusindikizia. Aliyekula ugali kwa chumvi husema amekula, na aliyekula bakuli zima la maharage bila ugali husema bado hajala. Ni namna ya kusema iliyozoeleka na haina ubaya, lakini ndani yake mna sehemu kubwa ya maelezo ya tatizo ambalo Taifa limekuwa likikabiliana nalo kwa miongo kadhaa.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulibainisha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wana udumavu, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao kutokana na lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Ni hatua ikilinganishwa na asilimia 34 iliyoonekana katika utafiti wa mwaka 2015/16. Hata hivyo, kinachowashangaza wengi si wastani wa kitaifa bali ramani yake. Mkoa wa Iringa ulikuwa na asilimia 57, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, ambako takriban nusu ya watoto wa umri huo wamedumaa. Hii ndiyo mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo magari ya mahindi, viazi na maharage hutoka kila msimu kwenda kulisha Dar es Salaam, Dodoma na nchi jirani.

Kama tatizo lingekuwa uhaba wa chakula, ramani hiyo ingekuwa kinyume chake. Mikoa yenye ukame ingeongoza, na mikoa yenye mvua ya uhakika ingekuwa mwisho. Takwimu zinaelekeza macho kwingine: namna chakula kinavyochaguliwa, kupimwa, kupikwa na kugawanywa ndani ya nyumba, pamoja na muda alionao mlezi wa kumlisha mtoto.

Upo ugumu wa kweli ambao haufai kupuuzwa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa Shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na mstari wa umaskini wa chakula kuwa Shilingi 33,748. Kwa viwango hivyo, asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 chini ya mstari wa chakula. Ukigawanya Shilingi 33,748 kwa siku 30 unapata takriban Shilingi 1,125 kwa siku kwa bei za wakati ule. Aidha, mstari wa chakula ni zaidi ya theluthi mbili ya mstari wa mahitaji yote ya msingi. Kwa familia iliyo karibu na mstari huo, kusema "jipangieni bajeti ya chakula" ni kusema jambo wanalolifanya kila siku, kwa uangalifu kuliko wengi wanaowashauri.

Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba mstari huo hupima nishati. Umekokotolewa kwa kuangalia kikapu cha vyakula ambavyo kaya zenye kipato kidogo huvila kwa kawaida, kisha kutafuta gharama ya kupata kalori 2,200 kwa mtu mzima kwa siku. Ni kipimo halali na kinatumika kwa makini. Lakini kalori 2,200 zinaweza kupatikana karibu zote kutoka katika ugali. Mtu anaweza kuwa juu ya mstari, akashiba, akafanya kazi, na bado damu yake ikapungukiwa madini chuma na mtoto wake akakosa vitamini A. Ndiyo maana kaya mbili zenye matumizi yanayolingana, katika mtaa mmoja, zinaweza kuwa na watoto wa afya tofauti kabisa.

Serikali imelitambua hilo na kuliwekea mfumo. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania imekuwapo tangu Sheria Na. 24 ya mwaka 1973. Awamu ya pili ya Mpango Jumuishi wa Taifa wa Lishe iliwekwa kuwa ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Mwishoni mwa mwaka 2017 wakuu wa mikoa walianza kusaini mikataba ya utekelezaji wa shughuli za lishe, na Septemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alishuhudia jijini Dodoma utiaji saini wa mikataba itakayofika mwaka 2030. Kupitia utaratibu huo, kila halmashauri hutakiwa kutenga kutoka katika mapato yake ya ndani Shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano.

Ni vema mwananchi akaelewa fedha hiyo ni ya nini. Shilingi 1,000 kwa mwaka ni pungufu ya mstari wa umaskini wa chakula wa mtu mzima kwa siku moja tu. Haikukusudiwa kumlisha mtoto. Inagharamia elimu, ufuatiliaji, upimaji wa hali ya lishe na usimamizi wa huduma katika kata na vijiji. Mkataba unaweza kumfikisha mtaalamu hadi kijijini. Uamuzi wa mwisho hufanyika mbele ya jiko, na mfanya uamuzi huo ana fedha ya mboga mkononi. Thamani ya elimu ya lishe, kwa hiyo, inapaswa kupimwa kwa swali moja gumu: je, ushauri unaotolewa unatekelezeka kwa fedha hiyo?

Maharage yanafaa kuwa mfano wa kwanza. Maharage makavu yana protini takriban gramu 20 katika kila gramu 100, kiasi kinachokaribiana na kile cha nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta kabla ya kupikwa, ingawa protini ya nyama hutumiwa na mwili kwa ukamilifu zaidi. Yana madini chuma, foleti na nyuzi lishe. Kilo moja huuzwa kwa bei ya chini sana ikilinganishwa na kilo ya nyama, na ikipikwa huongezeka hadi zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Hakuna mtaalamu wa lishe asiyeyapendekeza. Kwa nini basi kaya yenye fedha kidogo isiyale mara nyingi zaidi?

Jibu lipo chini ya sufuria. Maharage yasiyolowekwa huweza kuchukua saa mbili au zaidi kuiva, na yaliyohifadhiwa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu zaidi. Mpishi anayenunua mkaa kwa kopo hufanya hesabu ya haraka: mchicha huiva kwa dakika chache, maharage yatamaliza mkaa wa siku mbili. Hesabu hiyo mara nyingi ni sahihi. Anayemshauri ale maharage bila kumtajia mkaa amemwachia nusu ya gharama.

Nusu hiyo inaweza kupunguzwa. Maharage yaliyolowekwa tangu jioni hadi asubuhi, maji ya kulowekea yakamwagwa na sufuria ikafunikwa vizuri, huiva kwa muda mfupi zaidi, mara nyingi karibu nusu ya ule wa awali. Kuchemsha ya siku mbili kwa mara moja, kisha kuunga kiasi kinachohitajika kila siku, kunapunguza mkaa tena, mradi yanayobaki yahifadhiwe mahali pa baridi na kuchemshwa upya. Wengi hutumia magadi ili yalainike haraka. Yanalainika kweli, lakini magadi huharibu vitamini B1, hivyo mlaji hupata maharage laini yenye upungufu wa kile alichokifuata. Kuloweka hakugharimu kitu isipokuwa kukumbuka, na kukumbuka nako kunahitaji kujua leo kwamba kesho kutakuwa na fedha ya kitunguu na mafuta. Hilo si kila kaya inalijua.

Hapa ndipo sera ya nishati inapokutana na sera ya lishe, ingawa mara nyingi hutangazwa kana kwamba ni mambo mawili. Mkakati wa Kitaifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Mei 8, 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Maelezo yanayosikika zaidi ni ya misitu na moshi, na yana uzito wake. Lakini kwa mwenye fedha ya mboga, faida iliyo karibu zaidi ni kwamba chakula kinachochukua muda mrefu kuiva kinaweza kurudi mezani. Jiko la umeme la presha hupika kilo moja ya maharage kwa chini ya uniti moja ya umeme. Kwa mteja wa daraja la matumizi madogo majumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, bei ni Shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kwa gharama ya kila siku, si mkaa wala kuni za kununua vinavyoikaribia hiyo.

Kikwazo ni bei ya jiko lenyewe, ambayo hulipwa yote siku ya kwanza, wakati mkaa hulipwa kidogo kidogo. Kaya nyingi zilizopata mtungi wa gesi huutumia kwa chai na mayai, na maharage huyaacha kwenye mkaa kwa hofu ya gesi kwisha. Kwa hiyo kugawa mitungi ni mwanzo tu. Itabidi pia kuangalia ni chakula gani kinapikwa juu yake. Wakati huo ukisubiriwa, mitaa imejitafutia njia: wapo akina mama wanaochemsha maharage kwa wingi kwenye sufuria moja kubwa na kuyauza yakiwa tayari kuungwa. Moto mmoja unahudumia nyumba nyingi. Biashara hiyo inastahili kuangaliwa na maofisa lishe na maofisa afya kama mshirika, isimamiwe usafi wake, badala ya kuonekana ni uchuuzi tu.

Dagaa hawana tatizo la mkaa. Huiva upesi, na waliokaushwa vizuri zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kwa kuwa huliwa mzima, na mifupa yake, humpatia mlaji madini ya kalisi ambayo kipande cha samaki mkubwa hakitoi, pamoja na madini chuma na vitamini B12 isiyopatikana katika nafaka wala kunde. Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na Bahari ya Hindi vyote vinatoa dagaa, na hufika hata katika vijiji visivyo na barafu wala umeme. Hata hivyo, sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kuwa chakula cha kuku na mifugo mingine. Sababu mojawapo inajulikana kwa kila aliyewahi kuwatafuna: mchanga. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, na mlaji akishauona mara moja huwahesabu kuwa chakula cha asiye na uwezo. Kuanika kwenye vichanja huondoa tatizo hilo na kumpa mvuvi bei nzuri zaidi. Ni teknolojia ya miti na nyavu, na matokeo yake huonekana katika sahani ya mtoto aliye mamia ya kilomita kutoka ziwani.

Suala jingine linalokula fedha ya mboga kimyakimya ni kipimo. Taarifa za Serikali za bei ya mazao hutolewa kwa gunia la kilo 100, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi. Mwananchi husikia kwamba bei ya maharage imeshuka, akaenda sokoni na kukuta fungu ni lile lile la Shilingi 500. Hajadanganywa na takwimu. Bei ya fungu haibadiliki; kinachobadilika ni ukubwa wake. Wakati wa mavuno fungu hunenepa, wakati wa kiangazi hukonda, na kopo la kupimia likibonyea kidogo chini, hakuna anayelalamika. Anayenunua kwa fungu kila siku hulipa zaidi kwa kilo kuliko anayenunua kilo tano kwa mara moja, na wa kilo tano hulipa zaidi kuliko wa gunia. Kwa maneno mengine, mwenye fedha kidogo ndiye anayelipa bei ya juu.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka biashara ifanyike kwa vipimo vilivyohakikiwa, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana na lumbesa mashambani kwa miaka mingi. Lumbesa humwibia mkulima. Kopo lililobonyea humwibia mpishi. La pili limepata kelele ndogo kuliko la kwanza, labda kwa sababu hasara yake hutokea kwa shilingi mia mia. Mnunuzi ana haki ya kuomba apimiwe kwa mzani, na katika masoko mengi mzani upo, umewekwa pembeni. Njia nyingine imekuwa ikitumiwa na vikundi vya kuweka na kukopa: wanachama hununua gunia la maharage au la mchele baada ya mavuno, bei inapokuwa chini, wakagawana kwa kilo na kurejesha fedha kila wiki. Kikundi ambacho tayari kina sanduku, daftari na kuaminiana hakihitaji semina ili kufanya hivyo.

Unga nao una hesabu yake. Mahindi yakikobolewa kabla ya kusagwa, kiini na maganda huondoka pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B, madini na nyuzi lishe. Anayesagisha dona hulipia kusaga tu, bila kukoboa, na hupata unga mwingi zaidi kutoka debe lile lile. Kwa hesabu ya mashine, dona ina faida ya wazi. Lakini ipo tahadhari ambayo wahamasishaji wa dona huiruka: sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoota kuvu. Kwa kuwa sehemu ya sumu hukaa kwenye maganda na kiini, dona inafaa tu pale mahindi yalipokauka vyema, yakahifadhiwa mbali na unyevu, na punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kuota ukungu zikachambuliwa na kutupwa. Karanga huchambuliwa vivyo hivyo. Kutupa punje ni maumivu kwa mwenye debe moja, na wengi huzipeleka kwa kuku. Sumu hiyo huwadhuru nao pia.

Mboga za majani ndizo rahisi kuliko zote, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Mchicha, tembele, kisamvu, majani ya maboga na ya kunde, mnafu na mlenda vina vitamini A na madini kwa bei ambayo hakuna kidonge kinachoifikia. Makosa yake ni ya jikoni: kukatakata kisha kuosha, kuchemsha hadi kupoteza rangi, na kumwaga maji. Karanga zilizopondwa au kijiko cha mafuta husaidia mwili kufyonza vitamini A, na limau, nyanya mbichi au pera baada ya mlo husaidia kufyonza madini chuma ya maharage na majani. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo hufanya kinyume. Ikisogezwa mbele saa moja, haigharimu kitu.

Mahali ambapo makosa huwa na gharama kubwa kuliko kote ni bakuli la mtoto wa miezi 6 hadi 24. Baada ya miezi sita maziwa ya mama pekee hayamtoshi, na tumbo lake ni dogo. Uji mwepesi hulijaza kwa maji. Hapo ndipo biashara ya "unga wa lishe" ilipostawi, na hapo ndipo fedha nyingi ya wazazi wenye nia njema hupotea. Mchanganyiko wa mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama unasikika kuwa na vyakula vitano, lakini vyote ni nafaka, yaani kundi moja. Soya ikiongezwa bila kuchemshwa au kukaangwa vya kutosha huwa na vizuizi vinavyozuia protini kusagwa tumboni, na karanga zilizosagwa na kukaa muda mrefu huchacha au kuota kuvu. Unga wa nafaka moja, uji mzito kiasi, kisha wakati wa kupika kuongezwa karanga safi zilizopondwa, au maziwa, au kijiko cha unga wa dagaa waliosafishwa mchanga, humpa mtoto zaidi kwa fedha pungufu. Yai moja lililopondwa au kipande cha parachichi ni mlo kamili kando ya uji huo. Katika mikoa kama Njombe, ambako maparachichi yasiyofikia kiwango cha kusafirishwa nje huuzwa kwa bei ndogo, hakuna sababu ya kibajeti ya mtoto kuyakosa.

Sababu iliyopo ni nyingine. Mtoto wa umri huo anapaswa kulishwa mara tatu hadi nne kwa siku, na mama anayetoka alfajiri kwenda shambani au kwenye kibarua cha chai hurudi jioni. Mtoto hubaki na dada yake wa miaka minane, ambaye humpa kiporo akikumbuka. Mayai ya kuku wa nyumbani huuzwa, na fedha yake hununua biskuti na soda kwa ajili ya mtoto yule yule. Gunia la mwisho la maharage huuzwa kulipa ada au kununua mbolea, na uamuzi huo mara nyingi hufanywa na baba, ambaye ndiye asiyehudhuria mafunzo ya lishe. Ushauri unaomlenga mama peke yake unamfundisha mtu asiye na ufunguo wa ghala.

Itakuwa kosa kudhani kipato kikipanda tatizo hujiondoa. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Fedha ikiongezeka, mgawanyo wa zamani hubaki: huongezwa wali, mafuta, sukari na chipsi, na mboga hubaki kuwa kisindikizo.

Kwa mwananchi anayetaka kuanza mahali fulani, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo mwaka, na mtendaji wa kijiji ndiye hutangaza tarehe yake. Watoto hupimwa hali yao ya lishe, na katika maeneo mengi hufanyika mapishi ya mfano kwa vyakula vinavyopatikana papo hapo kijijini. Akina baba wanaruhusiwa, na katika vijiji ambako wamehudhuria, mazungumzo huhama haraka kutoka kwenye mapishi kwenda kwenye ghala na bei ya kuuzia. Wakati wa unasihi, mzazi huulizwa mtoto alikula nini jana, tangu alipoamka hadi alipolala, kisha makundi ya vyakula huhesabiwa. Uji wa asubuhi, ugali wa mchana na wali wa jioni, kwa hesabu hiyo, ni kundi moja.